Mzanji Aliyeanguka Zamzam

Mhariri wetu aliniomba niandike chochote kuhusu maisha ya mwanafunzi wa uhandisi huku Riyadh. Nikajiuliza, niandike nini? Joto mnalijua, maabara ni zile zile, na msimamizi wangu wa utafiti bado ana lile neno lake moja, "rudia". Basi nimeamua kuandika juu ya kisima, kwa sababu maji ndiyo fani yangu, na kwa sababu kisima hiki kina kisa ambacho kila Mwafrika anayesoma Arabuni angefaa kukijua.

Kisima chenyewe ni Zamzam, kilichoko ndani ya Msikiti Mtukufu wa Makka, takriban mita 20 mashariki ya Kaaba. Kwa wenzangu wasio Waislamu niseme kwa ufupi tu: sisi tunaamini maji yake yalitoka kwa ajili ya Bi Hajar na mwanawe Ismail walipoachwa bondeni bila tone la maji. Baadaye kisima kilifukiwa, mpaka Abdul-Muttalib, babu yake Mtume, alipooteshwa mahali pake akakifukua. Watu hunywa maji yake kwa nia ya kupona, kwa nia ya elimu, kwa nia ya kupata mtoto. Mama yangu kule Pemba ana kichupa chake kabatini, na haruhusiwi mtu kukigusa mpaka awepo mgonjwa.

Sasa kisa. Inasimuliwa kwamba katika karne ya kwanza ya Hijria mtu mmoja alitumbukia ndani ya kisima hiki akafa. Na mtu huyo alikuwa mwenzetu. Riwaya moja inamwita Mhabeshi. Nyingine inamwita Mzanji, na Zanji ndilo jina ambalo Waarabu wa zamani waliwaita watu wa pwani yetu, jina hilo hilo lililotupa Zanzibar. Jina lake mwenyewe hakuna aliyeliandika. Alikwenda kisimani kufanya nini, kuteka maji, kukisafisha, au aliteleza tu? Hakuna aliyeandika.

Kilichoandikwa ni yaliyofanyika baada ya hapo. Riwaya moja inasema Ibn Abbas aliamuru maiti itolewe na kisima kikaushwe. Wakateka, wakateka, lakini jicho la maji lililo upande wa pembe ya Jiwe Jeusi likawashinda. Ikabidi waliziba kwa vitambaa vya kitani vya Misri na mashuka ya thamani ndipo wakaweza kukimaliza kisima. Riwaya ya pili inasema aliyeamuru ni Ibn Zubayr, ambaye alikuwa na Makka mkononi mpaka alipouawa mwaka 692. Humo maji yaliendelea kububujika kutoka upande ule ule wa Jiwe Jeusi, mpaka yeye mwenyewe akasema basi, inatosha.

Mnaona kazi ya huyu Mzanji katika historia? Kisima cha uponyaji kimegeuka kisima cha hatari kwa sababu yake. Wanasheria wa Kufa, waliokuja kuwa madhehebu ya Hanafi, walikitumia kisa hiki kama ushahidi: mtu akifia kisimani, kisima kimenajisika, lazima kikaushwe. Hoja yao ilikuwa nyepesi kueleweka. Ikiwa hata Zamzam ilikaushwa, kisima chako wewe ni nani?

MASHAHIDI WAKO WAPI?

Hapo ndipo anapoingia Imam Shafii, na kwa sisi watu wa pwani huyu ndiye mwenye nyumba, maana madhehebu yetu kuanzia Lamu hadi Kilwa ni yake. Imam Shafii alilelewa Makka. Kwake yeye maji yakifika kulateni hayanajisiki mpaka yabadilike rangi, ladha au harufu, na kisima kama Zamzam kina maji mengi kuliko hayo. Kwa hiyo kisa cha Mzanji kilikuwa kinamgonga usoni. Akakijibu kwa njia mbili. Kwanza, hata kama kilitokea, huenda uchafu ulionekana juu ya maji, au walikikausha kwa ajili ya usafi tu, kwani watu wanakunywa humo. Pili, je, ni kweli kilitokea?

Mwalimu wake, Sufyan bin Uyayna, aliyefariki mwaka 198 Hijria, alisema kwamba ameishi Makka miaka sabini na hajaona mtu, mdogo wala mkubwa, anayekijua kisa cha huyo Mzanji anayesemwa kuwa alianguka Zamzam. Miaka sabini, jamani! Mji ule ule, kisima kile kile, na hakuna mzee hata mmoja aliyesema babu yangu alishika kamba siku ile. Karne nyingi baadaye Imam Nawawi, ambaye Minhaj yake imesomeshwa sana katika darsa za pwani yetu, akauliza swali la ubishi zaidi: habari hii iliwafikiaje watu wa Kufa huko Iraq, na watu wa Makka wenyewe wasiijue? Wakosoaji wa hadithi nao wakaongeza kwamba Ibn Sirin wa Basra, anayeipokea ile riwaya ya Ibn Abbas, hakumsikia Ibn Abbas mwenyewe. Yaani kuna kiungo kimekatika.

Wahanafi hawakunyamaza. Walijibu kwamba kutojua kwa mtu si dalili kuwa jambo halikuwepo. Na hilo pia ni kweli. Kesi haijafungwa mpaka leo, na mimi mhandisi si wa kuifunga.

Lakini kuna jambo moja linalonichekesha kila nikilifikiri. Mwaka 1979, wakati wa Mfalme Khalid, kisima kilisafishwa kwa wapiga mbizi chini ya mhandisi Yahya Koshak. Walipoteremka, moja ya matundu makubwa ya kuingilia maji walilikuta upande gani? Upande wa Jiwe Jeusi, kama kisa kisemavyo. Kwa hiyo, hata ikiwa kisa cha Mzanji kimetungwa, aliyekitunga alikijua kisima. Hapa ndipo watu wengi hukosea, wakadhani habari ya uongo ni lazima iwe ya kijinga. La, habari ya uongo inayodumu huwa na ukweli mwingi ndani yake. Ule uongo umekaa mahali padogo tu.

Sisi Wapemba tunalijua hili. Ukikulia Pemba unakua na Giningi, ule mji wa wachawi usioonekana kwa macho ya kawaida. Muhammed Said Abdulla aliupa umaarufu kwa riwaya yake ya upelelezi, Kisima cha Giningi, iliyotoka mwaka 1968, akamweka Bwana Msa na kiko chake kuchunguza mambo kwa akili. Mtoto wa Pemba hutajiwa njia ya Giningi, miti yake, saa ya kuepuka kupita. Njia unaijua kweli, miti unaijua. Umebaki mji wenyewe tu.

CHUPA YA MWAKA 1881

Tusidhani kutunga historia ya visima ni kazi ya watu wa kale pekee. Karne ya 19 ilikuwa karne ya kipindupindu. Hija ya 1865 iliangamiza mahujaji kwa maelfu, ugonjwa ukasafiri kwa meli hadi Misri na Ulaya. Kwetu Zanzibar uliingia mwishoni mwa mwaka 1869 na kuua mpaka 1870, na daktari James Christie aliyekuwako mjini akaandika kitabu kizima juu yake. Wazungu wakati huo walitaka kujua mlango wa ugonjwa uko wapi. Mwaka 1881 ubalozi mdogo wa Uingereza mjini Jeddah ukatuma London sampuli ya maji ya Zamzam. Mkemia mkubwa, Edward Frankland, akayapima na kutoa hukumu kwamba ni majitaka, tena mazito kuliko majitaka ya London yenyewe.

Waislamu wengi waliliona hilo kuwa tusi. Mimi nataka tulitazame kama wahandisi. Upande mmoja, hukumu ya Frankland haikuwa upuuzi. Mita 13 hivi za juu za kisima zimo katika mchanga na kokoto za bonde la Wadi Ibrahim, na chini yake ndiyo unaanza mwamba. Mji usio na mabomba ya majitaka, uliojaa mahujaji, ukiwa juu ya mchanga kama huo, lazima kitu kitapenya. Yeyote aliyechimba kisima karibu na choo Buguruni au Ng'ambo analijua hilo.

Upande wa pili, swali la Sufyan linabaki pale pale. Mashahidi wako wapi? Balozi hakuwa Mwislamu na hakuruhusiwa kuingia Makka. Chupa ile ilijazwa na nani, kutoka ndoo gani, siku gani, ilioshwa na nini kabla, ilikaa njiani wiki ngapi kwenye joto? Maabarani kwetu sampuli isiyo na karatasi ya kuonyesha imepita mikono ya nani haipimwi, hata iwe imeletwa na mkuu wa idara. Ile karatasi ndiyo isnadi ya maji. Wanazuoni wa hadithi waligundua mapema kwamba maneno hayana maana bila silsila ya waliyoyapokea, na sisi watu wa maji tumekuja kuligundua baadaye kwa chupa.

Naam, na sisi waumini tumetunga ya kwetu. Nani hajapata ile barua ya mwaka 1971? Eti daktari fulani aliandika katika gazeti la Ulaya kwamba Zamzam haifai kunywewa kwa kuwa Kaaba iko chini ya usawa wa bahari na majitaka ya mji yote yanateremkia huko. Mfalme Faisal akaghadhibika, mhandisi wa Jeddah akatumwa, akamtia mtu kisimani, na kadhalika mpaka mwisho wa furaha. Barua inampinga daktari kwa kila kitu isipokuwa lile kosa lake la wazi. Makka iko juu ya usawa wa bahari kwa zaidi ya mita 250! Ukipanda basi Jeddah unasikia mwenyewe gari linavyokwea.

Halafu kuna tarakimu inayonikera kuliko zote: kwamba kisima kilijaribiwa kwa kuvutwa lita 8,000 kwa sekunde, mchana na usiku. Imeandikwa mahali pengi, hata mahali pa heshima. Hebu chukueni kalamu. Lita 8,000 mara sekunde 86,400 za siku moja ni zaidi ya lita milioni 691. Mtambo wa Ruvu Chini, unaolisha sehemu kubwa ya Dar es Salaam, una uwezo wa lita milioni 270 kwa siku. Kwa hiyo shimo moja lenye upana wa kati ya mita moja na mita mbili na nusu hivi lingetoa maji ya Ruvu Chini mara mbili na nusu. Pampu zenyewe zingepita wapi? Weka "dakika" mahali pa "sekunde" na unapata lita 133 kwa sekunde, hesabu ambayo pampu kubwa chache zinaiweza. Katika jaribio hilo maji yalishuka kutoka kina cha mita 3 hivi hadi zaidi ya mita 13, yakasimama hapo, na pampu zilipozimwa yakapanda tena karibu na pale pale kwa dakika 11. Haya ni maajabu ya kutosha, bwana. Kwa nini mtu aongeze mara sitini?

Na wala si kweli kwamba hayajawahi kupungua. Azraqi, mwanahistoria wa Makka wa karne ya tatu Hijria, ameandika kwamba mwaka 223 na 224 maji yalipungua sana mpaka kisima kikachimbwa zaidi. Ni kisima. Kinalishwa na mvua ya bondeni kama visima vingine, na Idara ya Jiolojia ya Saudia ina kituo maalumu kinachokilinda kisivutwe kupita kiasi. Siku za kawaida huvutwa kati ya lita 11 na 18.5 kwa sekunde. Tangu 2010 maji yanapelekwa kwenye mtambo wa Kudai, yanachujwa, yanapigwa mionzi ya urujuanimno, yanafungwa kwenye chupa. Hakuna anayeyamiminia dawa ya klorini ya kunukia. Kumwamini Mungu hakukumzuia mtu kujenga mtambo.

MANFUHA

Sasa mtaniuliza, haya yote yanatuhusu nini? Twendeni Manfuha.

Manfuha ni mtaa wa kusini mwa Riyadh. Zamani ulikuwa mji wake wenyewe kando ya Wadi Hanifa, wenye mitende na visima, na ndiko alikotoka al-Asha, mshairi maarufu wa kabla ya Uislamu. Leo umemezwa na jiji. Ukishuka Ijumaa baada ya sala unasikia Kiamhari, Kitigrinya, Kioromo, Kisomali, Kiyemeni, na ukibahatika, Kiswahili. Ndiko tunakopata nyama ya kueleweka na kinyozi anayezijua nywele zetu. Ndiko pia yalikotokea machafuko ya Novemba 2013, muda wa kurekebisha hati ulipokwisha na msako ukaanza. Watu walikufa, na katika miezi iliyofuata Waethiopia zaidi ya laki moja walirudishwa kwao. Wako wanaokumbuka majina ya waliokufa. Wengi wetu tunakumbuka tarakimu tu.

Huko nilimjua mzee mmoja wa pwani yetu, fundi cherehani, ambaye nitamwita Ami kama nilivyokuwa nikimwita. Alikuja miaka mingi iliyopita kwa umra, akabaki. Ikama hakuwa nayo. Alikuwa na kisukari, na katika mguu wa kushoto kidonda kisichofunga. Juu ya friji yake kulikuwa na dumu la njano la lita ishirini. Kila asubuhi alikunywa kikombe, na kila usiku alikiosha kidonda kwa maji yale. Zamzam, aliyaita. Jamaa mmoja alikuwa akimletea, eti moja kwa moja kutoka Makka, kwa bei ambayo mimi na posho yangu ningeiona ghali.

Biashara hii haiko Manfuha peke yake. Mwaka 2011 BBC ilieleza juu ya maji yaliyouzwa Uingereza kama Zamzam, yaliyokutwa na aseniki karibu mara tatu ya kiwango kinachoruhusiwa. Wakubwa wa Saudia wakajibu kwamba maji ya kisimani ni salama na kwamba Zamzam hairuhusiwi kusafirishwa nje kwa biashara, hivyo kinachouzwa dukani huko hawakijui. Ubishi ukawa mkali. Lakini mnaona wenyewe: tumerudi kwenye ile chupa ya 1881. Imepita mikono ya nani?

Nikaomba ruhusa ya Ami, nikachota chupa moja ya dumu lake. Ya pili nilichota bombani kwake. Ya tatu ilikuwa chupa iliyofungwa ambayo mwenzangu wa bwenini alitoka nayo umra. Nikaziandika namba, tarehe, saa, na jina la aliyechota. Zamzam ina madini mengi yaliyoyeyuka, ndiyo maana ulimi unaihisi nzito kidogo, na maji yenye madini hupitisha umeme zaidi. Kipimo chake ni cha dakika moja. Chupa iliyofungwa ilisoma juu. Dumu na bomba walikuwa mapacha. Na baada ya siku mbili kwenye joto la maabara, dumu peke yake liliotesha bakteria wa kinyesi. Bomba lilikuwa safi.

Nikarudi Manfuha.

"Shikamoo Ami."

"Marahaba mwanangu. Umepima?"

"Nimepima. Haya si Zamzam, Ami. Ni maji ya bomba, na dumu ni chafu. Usiyatie kwenye kidonda tena."

Akacheka. "Kwani mimi sijui ladha ya Zamzam? Nimeinywa Makka kwa kiganja changu."

"Sasa unayanunulia nini?"

"Huyu anayeniuzia haniulizi ikama."

Sikuwa na jibu. Nilikuja na kipimo cha maji, na maji hayakuwa tatizo. Mzee alikuwa ameyapima mapema kuliko mimi, kwa ulimi. Alichokuwa akikinunua ni mtu wa kumjia mlangoni, amwulize mguu unaendeleaje, amtilie dua, aondoke bila kumwomba karatasi. Hospitali iko, tena nzuri, ya vioo. "Nitaingia kwa jina gani?" aliniuliza. Jina la kwenye pasi iliyokwisha muda? Jina la rafiki?

Nikamkumbuka yule Mzanji. Wanazuoni wamebishana karne kumi na mbili kama alianguka au hakuanguka, na ndani ya ubishi wote huo hakuna mahali pa kuuliza aliitwa nani. Hakuwa na silsila yake. Aliingia kwenye vitabu kwa kuwa maiti yake ilikuwa na faida katika hoja ya maji.

Mengine nitayafupisha. Mwenzetu mmoja anayesoma uuguzi alikuja akautazama mguu, akasema waziwazi kwamba maradhi yanakaribia mfupa. Tukakaa na Ami usiku mmoja mzima, watu wanne na birika la chai. Yeye mwenyewe ndiye aliyeamua: atajipeleka tarhili, arudishwe nyumbani, akatibiwe kwa jina lake. Tulichanga. Alikaa ndani siku kadhaa ngumu, kisha akapanda ndege. Kule nyumbani alikatwa vidole viwili. Mguu umebaki, na yeye mwenyewe yu hai, anashona.

Na mnajua watu wa kijijini kwake wanasemaje sasa? Kwamba alikuwa anakufa, akaponywa na Zamzam aliyokuja nayo kutoka Makka. Nilipompigia simu kumwuliza, akasema, "Mwanangu, nimewaeleza. Wameamua hivyo." Basi historia mpya imeshazaliwa, na miaka sabini ijayo pengine hatakuwepo Sufyan wa kuikanusha.

TUFANYE NINI?

Sisemi watu waache kunywa Zamzam. Mimi nainywa, na nia yangu naijua mimi na Mola wangu. Ninachosema ni hiki, kwa ndugu wanaokwenda umra na wanaorudi likizo. Ukimpelekea mama yako maji, mpelekee chupa iliyofungwa, ile ya lita tano ya uwanja wa ndege, na uifungue mbele yake. Usimiminie kwenye dumu lililokuwa na mafuta ya kula. Usimnunulie mgonjwa maji ya mtu usiyemjua. Ukisikia tarakimu ya ajabu, izidishe kwanza kwa sekunde za siku kabla hujaisambaza. Na kidonda cha mwenye kisukari kioshwe kwa maji safi yaliyochemshwa yakapoa, kisha kionwe na daktari siku hiyo hiyo. Dua haimzuii daktari.

La mwisho ni ombi kwa umoja wetu. Tuna daftari la wanachama, daftari la michango, na daftari la mpira. Tufungue jingine, la siri, litakalowekwa na watu wawili tunaowaamini. Tuandike humo ndugu zetu wa Manfuha wasio na hati: jina kamili, kijiji, namba ya mtu wa nyumbani, na ugonjwa alionao kama anapenda kusema. Tukifanya hivyo, mmoja wao akiugua au akifa, tutajua tumpigie nani simu na tumtaje kwa jina gani. Nimeshanunua daftari lenyewe. Anayekubali kulishika pamoja nami anione Ijumaa baada ya sala, pale kwa kinyozi.